Maji na Habari ya Maji

Msomaji kijana, liko swali moja ambalo limekaa moyoni mwangu kwa zaidi ya miaka kumi, nami nataka kulitua mbele yako tulitazame pamoja. Swali lenyewe si gumu kulisema. Mtu akimpa mwenzake maji ya kunywa, naye anajua kwamba katika maji yale mna kitu kisichoonekana ambacho humdhuru mnywaji polepole, na hapana maji mengine ya kumpa, je, amwambie au anyamaze?

Usifanye haraka kujibu. Wengi wa wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu hujibu mara moja kwamba yampasa aseme, kwa kuwa kweli haifichwi. Kisha nikiwauliza swali la pili, ambalo nitalifikia, huinamisha vichwa. Mimi mwenyewe nililipata swali hili kwa njia ya aibu, na afadhali nianze na aibu hiyo.

Katika muhula wa tatu wa mwaka 2013 nilikuwa bado mwanafunzi wa ualimu, nikapelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi karibu na Kakuma, katika Turkana. Aliyezaliwa penye mvua, kama nilivyozaliwa mimi, hana budi kujifunza upya maana ya maji afikapo huko. Mto Tarach, upitao kando ya mji na kambi ya wakimbizi, siku nyingi za mwaka ni mto kwa jina tu. Ni njia pana ya mchanga, ambamo mbuzi hupita na watoto hucheza mpira. Mvua kubwa ikinyesha, maji mekundu hushuka kwa kishindo, yakachukua kila kitu kilichosahauliwa mchangani, na baada ya muda mfupi mchanga hukauka tena. Maji ya kudumu yamo chini. Tangu zamani Waturkana waliyafuata kwa mikono, wakichimba mchanga wa laga hata kimo cha mtu na kuzidi. Siku hizi hufuatwa zaidi kwa mashine, kwa visima virefu vyenye pampu ambavyo hujaza matangi, na matangi hulisha mifereji ya kuchotea. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudani, kisha wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo na wengineo. Leo wakazi wake pamoja na wale wa makazi jirani ya Kalobeyei wamepita laki mbili. Hebu fikiri juu ya umati huo wote, na wenyeji wao, wakitegemea kilichofichwa chini ya mchanga wa mto mkavu.

Desturi ya shule ile ilikuwa kukagua usafi kila Jumatatu: kucha, nywele, meno. Darasa la sita nilikabidhiwa mimi. Alikuwamo mvulana mmoja hodari wa hesabu, mwepesi wa kucheka, ambaye kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nilipomwambia afungue kinywa niliona meno ya mbele yenye madoa ya kahawia na vishimo vidogo vidogo, kama ukuta uliopigwa na mvua ya mawe. Nikamsimamisha mbele ya wenzake. Nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa yote. Jumla yake ni kwamba mtu asiyejali kinywa chake hawezi kujali kitabu chake. Yule mvulana akatia mkono mfukoni, akatoa kijiti cha mti wa mswaki, ambao kwa Kiturkana huitwa esekon, ncha yake imetafunwa hata imekuwa nyuzi laini. Akasema, "Mwalimu, mimi hupiga mswaki asubuhi na jioni." Sikumsadiki. Nikamrudisha kitini.

Jambo ambalo lingalinifungua macho, lau ningekuwa na macho, ni kwamba darasa halikucheka. Watoto wa umri ule hucheka mwenzao akitahayarishwa. Hawa walinyamaza, na wengi wao midomo ilikuwa imefungwa kabisa.

Mwaka uliofuata, katika maktaba ya chuo, nilisoma habari za daktari wa meno aitwaye Frederick McKay. Alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, akakuta wenyeji wengi waliozaliwa pale wana meno yenye madoa ya kahawia. Watu walikwisha kujipatia sababu zao: wengine walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine walisema ni maziwa mabaya. McKay alishuku maji, lakini kila alipoyapeleka yapimwe hayakuonyesha kitu, kwa sababu waliyoyapima hawakutafuta kilichostahili kutafutwa. Ilipita miaka thelathini. Mwaka 1931 mkemia mmoja wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, aliyepima maji ya mji wa Bauxite katika Arkansas kwa vyombo bora zaidi, alikuta ndani yake floraidi nyingi. Madoa yakapata jina na sababu yake. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu, nikaona kiganja cha yule mvulana juu ya mdomo wake.

Inafaa uijue floraidi ni nini. Ni madini yaliyomo katika miamba mingi, hasa ile ya volkano, nayo Bonde la Ufa letu limejengwa kwa miamba ya namna hiyo. Maji yakaapo chini ya ardhi muda mrefu huiyeyusha kidogo kidogo. Yakiwa na chokaa nyingi, chokaa huishika floraidi isiyeyuke sana. Yakiwa na magadi mengi na chokaa haba, floraidi hupanda. Katika nchi ya jua kali na mvua chache, mambo hayo yote hukutana. Kiasi kidogo cha floraidi huimarisha meno, na ndiyo sababu mji wa Grand Rapids, Marekani, ulianza kuitia katika maji yake mwaka 1945. Ikizidi, huharibu enameli ya jino linaloumbwa bado ndani ya ufizi, yaani kwa mtoto wa chini ya miaka minane hivi. Na ikizidi sana kwa miaka mingi huingia mifupani, ikakaza viungo na kupinda mgongo. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Ziwa Turkana lenyewe, ambalo kwa mbali huonekana kama neema isiyo na mwisho, limepita mpaka huo mbali sana. Baadhi ya visima vya Turkana, na vya Kakuma vikiwamo, vimepimwa vikaonekana kuupita. Lodwar ina bahati nzuri kidogo, kwa kuwa Mto Turkwel hushuka kutoka Mlima Elgon na kulisha mchanga ulio kando yake. Visima vilivyo karibu na mto aghalabu hutoa maji matamu, bali kadiri unavyojitenga na mto ndivyo chumvi inavyozidi.

Sasa angalia ubaya wa adui huyu. Hana rangi, hana harufu, wala ulimi haumtambui. Ukichemsha maji humwondoi. Mvuke huondoka, yeye hubaki, na katika sufuria iliyopungua huwa ametia nguvu. Klorini, ambayo huua vijidudu vya kipindupindu, haimgusi. Sisi binadamu tumezoea kuyaamini maji kwa macho: yakiwa meupe tunayaita safi. Macho ni shahidi dhaifu, na ulimi vivyo hivyo. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu mamia katika mtaa wa Broad Street, London, daktari John Snow aligundua kwamba mjane mmoja aliyekaa Hampstead, mbali kabisa na mtaa ule, alikufa kwa ugonjwa huohuo. Mama huyo aliwahi kukaa Broad Street na aliyapenda mno maji ya pampu yake. Ladha yake ilimpendeza hata akawa analetewa kwa gari kila siku. Alikufa kwa maji aliyoyachagua kwa utamu wake.

Basi ikiwa macho na ulimi havitoshi, anayekunywa hana ushahidi wowote ila neno la yule aliyepima. Hapo ndipo ninapoona kwamba maji ya bomba hayafanani na maji ya mto. Mwenye kuchota mtoni hujitegemea mwenyewe, akikosea kosa ni lake. Mwenye kuchota mferejini ameweka imani yake kwa mtu asiyemwona. Amepewa vitu viwili pamoja, maji na kimya; na kimya kile hukisoma kana kwamba kimesema, "Kunywa, hapana neno."

Nilirudi Kakuma mwaka 2019, nikiwa mwalimu wa chuo, kukagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi. Siku moja nilikwenda penye kisima kirefu kilicholisha mifereji ya upande ule, nikamkuta mzee aliyetunza pampu ameketi kivulini juu ya kigoda chake cha kichwa na kiti, kile Waturkana wakichukuacho kila waendako. Tukaamkiana. Nikamwuliza kama maji ya kisima kile yamepimwa. Akasema yamepimwa, wageni walikuja wakajaza chupa ndogo wakaenda nazo, na baadaye kijana mmoja alimwambia kuwa kile kitu cha meno kimo. Nikamwuliza kama waliwaambia watu. Mzee hakujibu upesi. Aliitazama chupa ya maji ya dukani niliyoishika mkononi, ambayo nilikuwa nimesahau kuwa nimeishika. Kisha akasema, "Mwalimu, nikiwaambia, watakunywa nini?"

Hilo ndilo swali la pili, ambalo wanafunzi wangu huliinamia vichwa.

Usilidharau. Mzee yule hakuwa mwoga wala mwongo. Alikuwa na hoja, na hoja yake ina nguvu kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Watu wakiogopa mfereji watarudi kwenye mashimo ya laga, ambamo ng'ombe, punda na binadamu hunywa pamoja. Kuhara humwua mtoto mchanga kwa siku mbili au tatu; floraidi humtia madoa kwa miaka minane. Kipindupindu kiliwahi kuzuka kambini Kakuma, kwa mfano mwaka 2005, na kila aliyekuwapo hakuhitaji mwalimu wa kumweleza kipi kinatisha zaidi. Ikiwa neno langu la kweli litamfanya mama mmoja aache maji ya bomba na kumpa mwanawe maji ya shimo, na mtoto akafa, je, nitajisifu kwamba nilisema kweli?

Yaliyotukia Bangladesh yanafaa kutafakariwa hapa, kwa sababu ni swali la mzee yule lililokuzwa hata likawa la taifa zima. Huko watu walikuwa wakifa kwa maradhi ya maji ya madimbwi. Kuanzia miaka ya 1970 vikachimbwa visima vya bomba kwa mamilioni, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, na watu wakaambiwa wayaache madimbwi. Maji yalitoka meupe, baridi, hayana vijidudu. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba katika visima vingi mlikuwa na aseniki, sumu itokayo ardhini, ambayo huharibu ngozi na kuleta saratani baada ya miaka. Mapema, mwaka 1992, wataalamu wa jiolojia wa Uingereza walikuwa wameyapima baadhi ya maji ya nchi ile, wakapima mambo mengi, aseniki hawakuipima. Mwananchi mmoja aliyedhurika akawashtaki katika mahakama za Uingereza. Kesi ilifika mpaka Baraza la Malodi, na mwaka 2006 ikatupwa: wale wataalamu, walisema majaji, hawakuwa na mamlaka juu ya maji yale, wala ripoti yao haikudai kuwa imepima aseniki, basi hawakudaiwa kitu na mnywaji.

Mimi si mwanasheria, nami nakubali kwamba sheria ina mipaka yake. Lakini fikiri kama mtu aliyekunywa. Amekuja mgeni na chupa zake, amejaza, ameondoka, na jirani wote wameona. Kimya kilichofuata hakikuwa kitu kitupu. Kiliwaambia jambo, nalo halikuwa kweli.

Na serikali ya nchi ile ilifanya nini ilipojua? Haikuwa na maji mengine ya kuwapa mamilioni ya watu. Visima vilipimwa, na mdomo wa pampu ukapakwa rangi: nyekundu kwa chenye sumu, kijani kwa kilicho salama. Hapo jibu la swali la mzee linaanza kuonekana. Rangi haikubadili tone moja la maji. Hata hivyo, mwanamke aliyekuwa akichota kwenye pampu nyekundu mlangoni pake aliweza sasa kutembea hadi pampu ya kijani ya jirani kwa ajili ya maji ya kunywa, na ile nyekundu akaiacha iwe ya kufulia. Wala si wote waliofanya hivyo, maana ni mbali, jirani ana maneno, na miguu huchoka. Walakini chaguo lilikuwa limerudi mikononi mwa mchotaji.

Tuiweke hoja hiyo Kakuma. Mzee aliuliza, "Watakunywa nini?" kana kwamba maji ni kitu kimoja, ambacho ama unakunywa chote ama unakiacha chote. Sivyo maji yanavyotumika nyumbani. Katika mitungi mitano ya nyumba moja, ni sehemu ndogo tu inayoingia vinywani, na katika hiyo ni sehemu ndogo zaidi inayoingia kinywa cha mtoto wa miaka mitatu, ambaye meno yake ya kudumu yanaumbwa sasa hivi. Mama akijua kwamba kisima kimoja kina floraidi kidogo kuliko kingine, aweza kumtengea mtoto mtungi mmoja. Akijua kwamba maji ya mvua hayana floraidi, ataweka chombo chini ya paa la mabati zile siku chache mvua inaponyesha. Akijua kwamba maziwa yana floraidi chache sana, hata kama mbuzi mwenyewe kanywa maji ya kisima, atafikiri mara mbili kabla ya kuyauza maziwa yote. Mhandisi naye, akibanwa na watu wanaojua, aweza kuchanganya katika tangi moja maji ya kisima kikali na ya kisima chepesi. Kule India, katika Nalgonda, watu walijifunza kuiondoa floraidi kwa shabu na chokaa. Ngurdoto karibu na Arusha, na Nakuru hapa Kenya, wamechuja maji kwa makaa ya mifupa. Hakuna lolote katika haya lililo jepesi au lisilo na gharama. Lakini hakuna lolote litakaloanza mahali ambapo watu wanadhani kwamba ni miswaki ndiyo iliyopungua.

Ndiyo maana nimefika kuamini kwamba mzee alikosea, ijapokuwa alikosea kwa huruma. Anayenyamaza kwa sababu hapana njia nyingine amekata shauri kwa niaba ya mwenye nyumba kuhusu mitungi ambayo hakuichukua kichwani. Naye ameacha aibu ikae mahali pasipo pake. Floraidi haikutiwa kisimani na mtu yeyote. Hapana wa kulaumiwa kwa kuwapo kwake. Lakini watu wasipoijua sababu ya kweli hawakai bila sababu. Hutafuta mkosa, na aliye karibu zaidi ni mwenye meno. Mimi nilimpata mkosa wangu Jumatatu asubuhi kwa dakika moja.

Iko njia nyingine ambayo wakubwa wameijaribu, nayo ni kuusogeza mpaka. Tanzania, ambayo mikoa yake ya kaskazini imeonewa na floraidi kuliko karibu nchi yoyote, iliruhusu kwa miaka mingi miligramu 8 katika lita kama kiwango cha muda, kisha ikashuka hadi 4, na baadaye ikaukaribia mpaka wa dunia. Wako wanaowacheka waliofanya hivyo. Mimi siwacheki. Serikali iliyosema waziwazi, "Hatuwezi bado kufika 1.5, kwa sasa tunavumilia 8," imesema kweli kuhusu umaskini wake, na hiyo ni heshima kwa mnywaji. Hatari ni moja, kwamba neno "muda" husahaulika upesi na tarakimu hubaki.

Hata ile 1.5 yenyewe haifai kuabudiwa. Mpaka huo ulifikiriwa juu ya mtu anywaye lita mbili hivi kwa siku. Sasa chukua mchungaji wa Lodwar, ambako joto hupita nyuzi 35 siku baada ya siku, akanywa lita nne. Maji yake yakiwa na miligramu 1.5 tu, amepata kwa siku miligramu sita, sawasawa na mtu wa nchi ya baridi anywaye maji ya miligramu 3. Piga hesabu mwenyewe. Watungaji wa mpaka walilijua jambo hili, wakashauri kila nchi iangalie hali yake ya hewa. Lakini katika kusafiri kutoka kitabu hadi kitabu, tarakimu hufika na ushauri hubaki njiani.

Mtu aweza kuuliza kama kusema nako hakuna makosa yake. Kuna, tena makubwa. Mwezi wa Septemba 2013, nilipokuwa bado napambana na darasa la sita, ilitangazwa Nairobi kwa shangwe kwamba chini ya Turkana imegunduliwa bahari ya maji. Katika bonde la Lotikipi peke yake, ilisemwa, kuna mita za ujazo bilioni 200, na hifadhi nyingine iko karibu na Lodwar. Serikali na UNESCO walisimama pamoja; magazeti ya dunia yaliandika kwamba ukame wa Kenya umepata dawa. Katika chumba cha walimu tulipeana mikono kana kwamba sisi ndio tuliochimba. Miaka michache baadaye maji ya Lotikipi yalipopimwa vizuri yalionekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wingi wa maji ulitangazwa kabla ya ubora wake kujulikana, na habari ya chumvi haikupewa meza wala kitambaa wala wapiga picha. Mwalimu mwenzetu mmoja, mwenyeji wa huko, aliniambia kwamba mama yake aliendelea kwa miaka kuuliza maji ya redioni yatafika lini.

Kwa hiyo naona kwamba habari nzuri na habari mbaya za maji zinadai adabu moja: zisemwe zimekamilika. Kumwambia mama, "Maji yako yana sumu," kisha ukapanda gari, ni ukatili. Kumwambia, "Maji haya hayatamwua mtoto wako, yana kitu kinachoharibu meno yanayoota, kwa kiasi hiki, mtoto mdogo mtafutie ya kisima kile, usiyaache ukarudi kwenye laga, na mtungi wako ufunike," ni maneno yanayochukua muda mrefu zaidi, nayo yanadai kwamba msemaji arudi kesho kujibu maswali. Labda hiyo ndiyo sababu ya kweli ya watu wengi kunyamaza. Tunasema kuwa tunaogopa hofu ya watu, ilhali tunachoogopa ni swali lao.

Tena wako watu ambao hata njia ya kuuliza ni nyembamba kwao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 35 kinatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, lakini humo haikuandikwa kila mtu; imeandikwa kila raia. Soma vifungu hivyo viwili ukiwa umesimama kwenye foleni ya mitungi Kakuma. Aliye mbele ni Mturkana, aliye nyuma yake ni Mkongo aliyefika juzi. Wote wawili wana haki ya maji ya mfereji ule. Mmoja, kwa kifungu kile cha 35, ana haki ya kudai tarakimu za maji yake. Mwingine itambidi atafute kifungu kingine cha kusimamia, na kwa bahati kipo, maana Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kuelezwa habari zake. Siamini kwamba waliotunga walikusudia kumficha mkimbizi kilichomo katika kikombe chake. Lakini kinywa hakina uraia, na jino la mtoto haliulizi hati kabla ya kuota.

Nimesema mengi juu ya wajibu wa wengine. Siku ile mbele ya mzee nilikuwa na wajibu wangu mwenyewe, na chupa ya dukani mkononi. Niliiweka chini. Tulizungumza hata jua likapunguka. Nilimweleza niliyoyasoma, kwamba watoto wadogo ndio wa kuhangaikiwa kwanza. Naye akanieleza nisiyoyasoma, kwamba wanawake wa upande ule walikwisha kujua zamani kisima gani chai yake huwa nzuri na kipi sabuni yake haitoi povu, ila hawakuambiwa kwamba kujua huko kwaweza kuwa na maana nyingine. Akasema atawauliza wale wa chupa ndogo, wakirudi, wamwandikie tarakimu ya kila kisima kwa rangi ukutani.

Kisha nikamwuliza habari za yule mvulana. Mzee alimjua, jamaa zao walikuwa wakichota pale. Alisema alimaliza darasa la nane, akafuata mifugo ya babake upande wa Oropoi, kule karibu na mpaka wa Uganda, na pengine angeshuka wakati wa mvua. Nikamwambia nina deni lake. Hakuuliza deni gani. Alisema, "Andika, uniachie."

Nilichana karatasi katika daftari la ukaguzi. Niliandika kwamba meno yake hayakuwa machafu siku ile, kwamba alisema kweli nami sikumsadiki, kwamba ni maji ya utotoni, na kwamba akija kupata mtoto aulize kisima kabla ya kumpa. Mzee akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati, pale alipoweka funguo za pampu.